Mgeni Asipoamka, Msimzike

Kumejengeka kwa mafundi wengi wa Arua ada nisiyoipenda, nayo ni kwamba kompyuta ikigoma kuwaka, fundi, hata kabla ya kuvuta kiti, hutamka hukumu moja tu, "Tupige windo upya," yaani Windows isakinishwe upya, na mwenye mali, kwa kuwa hana ilimu ya mambo hayo, huitikia kwa kichwa.

Nusura jambo hilo limfike Hajati mmoja wa Koboko, muuza vipuri vya bodaboda, ambaye hesabu zake zote zimo katika programu kongwe isiyokubali ila Windows XP, mfumo ulioachwa kutunzwa na Microsoft tangu Aprili 2014. Kwa hiyo XP yake huishi kama mgeni ndani ya VirtualBox, ambayo ni haipavaiza, yaani programu inayoifanya kompyuta moja iwe mwenyeji wa kompyuta pepe, kila moja ikidhani ina mwili wake. Aliponunua mashine mpya Arua, fundi alinakili faili la diski ya mgeni, akasahau lile faili dogo la mipangilio. Na huko Koboko, mgeni alipoamshwa, nembo ilichomoza, kisha kioo kikageuka buluu, na maandishi meupe yakasomeka 0x0000007B.

"Mwanangu, ndiyo imekufa?" akaniuliza Hajati.

Haikufa. Namba ile yasema kwamba Windows imeanza kuamka, ila haiioni diski ya kuendelea nayo. Maana fundi, alipounda mashine pepe upya bila lile faili la mipangilio, alichagua katika orodha jina la Windows ya kisasa, na VirtualBox ikaitundika diski kwenye kidhibiti cha SATA, hali XP ile ilizoea kile cha zamani cha IDE wala haikuwa na dereva ya SATA. Tulizima, tukanakili faili kwanza kwa hadhari, tukaihamishia diski IDE, na punde hesabu za mipira na minyororo zikatokea kama zilivyoachwa.

Sikatai kwamba mara nyingine diski huumia kwelikweli. Gridi ya taifa ilitufikia 2024 tu, baada ya miaka ya kutegemea mtandao wetu mdogo wa umeme na bwawa la Nyagak la megawati 3.5, na umeme ukikatika ghafla mgeni hudhani amekwisha kuandika, kumbe mwenyeji alikuwa angali ameyashika maneno yake kwenye kumbukumbu. Lakini hata hapo sharti nakala itangulie, ndipo ukaguzi wa diski ufuate. Na fundi asiyeuliza kwanza ni kitu gani kilichobadilika tangu mashine ilipowaka mara ya mwisho, mimi nisingemlipa hata nauli.

Hajati ni mpole kuliko mimi: alimlipa yule fundi nusu, na nusu ya pili akaiweka hadi atakapoletewa nakala ya faili la diski, pamoja na lile dogo lililosahauliwa, ikae nyumbani kwake wala si dukani.