Dereva Kijana na Mteremko wa Salgaa

Kijana aliyepata leseni juzi huonywa na kila mtu juu ya mwendo wa kasi. Mimi nataka kumwonya juu ya jambo ambalo madereva wakubwa ndio humfundisha. Afikapo juu ya mteremko, kama ule wa Salgaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, huitoa gia ili gari lishuke lenyewe na mafuta yasalie. Hudhani amepata faida. Kumbe injini, iliyokuwa ikilizuia gari, haishiki tena magurudumu, na kazi yote imeziangukia breki. Akizikanyaga mfululizo hupata moto, na zikishapata moto mwingi hazishiki. Tena mwendo ukiwa mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne ili kulisimamisha gari. Barabara ile haina msamaha: tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu zaidi ya 30. Basi, kijana, kabla hujaanza kushuka, ingiza gia ile ile ambayo ungeupandia mlima huo. Utingo akikuita mwoga, mwache aseme. Yeye hakushika usukani.