Mmea wa Majani Mawili

Wenzangu wa Kidato cha Nne walipoiona picha ya welwichia walicheka, wakasema ni takataka. Bwana Friedrich Welwitsch alipouona mmea huo Angola mwaka 1859 alipiga magoti, nami niko upande wake. Huota katika jangwa la Namib, Angola na Namibia, wala si kwingineko duniani. Majani yake ni mawili tu maisha yote. Upepo huyachana vipande vipande, nayo huzidi kukua kutoka shinani. Mingine imepita miaka 1,000. Kisha huja mtu na motokaa, akaiacha njia na kuiponda mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi, eti jangwani hamna kitu! Dereva wa namna hiyo atozwe faini, tena kubwa.