Mikroskopi inayoshuka yenyewe: vumbi na grisi ya zamani

Kwenye kituo cha afya, mikroskopi ndiyo inahesabu vimelea vya malaria ndani ya damu. Inakuza mara 1,000. Meza ya kuwekea damu ikishuka hata sehemu moja kwa elfu ya milimita, picha inapotea.

Mara nyingi vioo havina kosa. Grisi inazeeka, inashika vumbi, chuma kinasuguana na chuma, na meno yanayopandisha meza yanalika. Wengine wanakaza tu ili isishuke, ao wanamwaga mafuta ya kupikia. Mafuta hayo yanaganda, msuguano unazidi. Inafaa fundi apanguse grisi ya zamani yote, ndipo apake mpya. Kuifunika kila jioni hakuombi pesa nyingi. Meno yakiisha, mgonjwa ndiye atangoja.