Raia Mwema Hufunzwaje?

Katika mkoa wa Tanga, wilaya ya Mkinga, chini ya milima ya Usambara, uko mji mdogo uitwao Maramba. Huko ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana hutoka pande nyingi za Tanzania wakakutana humo: mtoto wa mvuvi, wa mfugaji, wa karani, na wa mkulima. Huamka kabla ya jua kuchomoza, hukimbia mchakamchaka, hufundishwa gwaride, kisha huchukua majembe wakaenda shamba. Wote huitwa kuruta, husimama mstari mmoja, tena hula chakula kile kile.

Watu wengine husema kwamba kambi kama hiyo ndiyo imfanyayo mtu kuwa raia mwema. Wengine hukataa, wakisema kwamba amri haiwezi kumfunza mtu kuipenda nchi yake. Natulitazame jambo hili kwa makini, kwa maana lawahusu hata ninyi wanafunzi ambao bado hamjafika umri wa kwenda kambini.

Kwanza yafaa tujue maana ya raia mwema. Si yule tu asiyevunja sheria. Mtu aweza kukaa maisha yake yote bila kushitakiwa, na asimfae jirani yake hata siku moja. Raia mwema ni yule achukuaye fungu lake la mzigo wa wote, hata pasipokuwa na mtu wa kumtazama. Basi, moyo huo hupatikanaje?

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa nchi ya makabila zaidi ya 120. Watu wake walikuwa na bendera moja, lakini wengi walikuwa hawajapata kufanya kazi pamoja na mtu wa mbali. Katika uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ili vijana walelewe, wazalishe mali, na wafunzwe ulinzi wa nchi. Shauri hilo lilikuwa na busara. Mtu hamjui mwenziwe kwa kusikia habari zake, humjua wachimbapo mtaro mmoja. Aliyelima pamoja na Msambaa, na Mmakonde, na Msukuma, akaona jasho lao ni moja, ni vigumu kumdanganya tena kwamba kabila fulani ni la wavivu.

Lakini sikilizeni habari ya mwaka 1966. Mwaka huo Serikali ilitaka vijana wamalizao masomo ya juu walitumikie taifa kwa miaka miwili, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo wapate sehemu 40 tu katika kila 100 ya mshahara wao. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam hawakuridhika. Tarehe 22 Oktoba waliandamana mpaka Ikulu, na baadhi yao walibeba mabango yaliyosema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Walinung'unika pia kwamba wakubwa wenyewe hupokea mishahara minono. Mwalimu alikasirika sana, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa chuoni, wakarudishwa makwao.

Je, haki ilikuwa upande gani? Kwa maoni yangu, wanafunzi walikosa kuukataa utumishi. Walisomeshwa kwa jasho la wakulima, ambao wengi wao hawakujua hata kusoma, na kulipa deni si kuonewa. Lakini neno lao juu ya mishahara ya wakubwa lilikuwa neno la haki, na Mwalimu hakulitupa kwa sababu tu limetoka vinywani mwa watu waliomkasirisha. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu 20 katika kila 100. Tena mwezi wa Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Wengi wa wanafunzi wale walisamehewa baadaye, wakarudi masomoni.

Fundisho la habari hii ni kubwa. Amri yaweza kuulazimisha mkono kushika jembe. Moyo nao hufuata pale uonapo kwamba mzigo umegawanywa kwa haki, na kwamba yeye atwikaye wengine naye amejitwika. Mtu atwikaye wenziwe, naye akatembea mikono mitupu, hawafunzi uraia, huwafunza chuki na ujanja.

Sheria ya kuwapeleka vijana kambini kwa lazima ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudishwa mwaka 2013 kwa wamalizao kidato cha sita. Mimi naona ni vema ilirudi. Lakini tusiitazamie kambi ifanye kazi isiyoiweza. Kijana aliyezoea kwa miaka 18 kutumikiwa nyumbani hatageuzwa kwa miezi michache ya gwaride. Wazee walisema, Samaki mkunje angali mbichi.

Basi shule ya uraia huanza hapo mlipo. Mnazo zamu za kufagia darasa, kuchota maji, na kupalilia bustani ya shule. Kiranja ashikaye fagio kwanza, kisha akawaita wenziwe, amewafunza jambo ambalo kitabu hakiwezi kulifunza. Kiranja aandikaye majina ya wengine huku amekaa kivulini amewafunza kinyume chake. Nawe ukiona mnyonge amepewa zamu mbili, na mwenye nguvu hakupewa hata moja, usinyamaze, wala usitupe fagio lako kwa hasira. Maliza fungu lako, kisha mwendee mwalimu useme kwa adabu, "Mwalimu, zamu hizi hazikugawanywa sawa." Mwenye kuchukua mzigo wake ana haki ya kuuliza habari za mizigo ya wengine, na neno lake husikiwa.

Mtoto azoeaye mambo haya mawili, kufanya fungu lake na kuuliza haki bila woga, huyo yu njiani kuwa raia mwema. Siku atakapopelekwa Maramba au kambi nyingine yo yote, akapewa jembe, hatalishika kwa kuogopa amri tu.