Ng'w si kosa la kuandika
Na Masanja Kulwa

Wasomaji wa safu hii mnaujua ugomvi wangu na maneno "mfumo haukubali". Wiki hii yamenikuta ndani ya steshenari moja hapa Chato, nikisubiri kutoa kopi, na hasira niliyotoka nayo bado haijapoa.

Mbele yangu alikuwapo binti anayejaza maombi ya chuo. Jina la ukoo wake linaanza na Ng'w, kama majina mengi ya wazee wa huku. Kijana wa steshenari akaandika, akabonyeza, yakatokea maandishi mekundu: jina lina alama isiyoruhusiwa. Akarudia. Mekundu tena. "Dada, tukatoe haka kakoma ka juu, mfumo haukataki." Kakatolewa. Sasa jina likagoma kwa sababu nyingine: halilingani na cheti cha kuzaliwa, ambako karani aliliandika kwa mkono, na ritifaa yake, yaani hako kakoma ka juu, sawasawa kabisa. Binti akaambiwa aende kwa wakili akale kiapo kwamba mwenye Ngw na mwenye Ng'w ni mtu mmoja. Na kiapo hakiliwi bure. Baba yake, aliyeketi kwenye benchi na kofia mapajani, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo marehemu baba alikosea kuitwa hivyo?" Kila mtu akatazama skrini.

Hapana, mzee wangu. Marehemu hakukosea. Aliyekosea ni fundi aliyeandika programu ile, na aliyemlipa bila kuijaribu.

Mafundi hujitetea kwamba ritifaa ni hatari. Ni kweli kwamba katika lugha ya hifadhidata alama hiyohiyo hutumika kufungua na kufunga maandishi, kwa hiyo programu ya kizembe hudhani jina limeishia kwenye Ng. Lakini dawa yake inafahamika miaka mingi na si kazi kubwa. Mvivu ndiye anayeona heri apige marufuku majina ya watu.

Hata ritifaa inapokubaliwa, kuna mtego mwingine. Simu nyingine huandika ritifaa iliyopinda, kompyuta ya steshenari huandika iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili, na majina hayalingani tena. Na Unikodi, ile orodha inayoipa kila herufi ya dunia namba yake ili kompyuta zielewane, inayo ritifaa ya tatu, namba 02BC, inayohesabiwa kuwa herufi kamili. Ipo tayari. Nionyesheni kibodi hapa Chato yenye herufi hiyo.

Na msiniambie kompyuta haziwezi: Waethiopia wana maandishi ya mamia ya alama, karibu kila moja silabi nzima. Yaliingia Unikodi mwaka 1999, pamoja na silabi za Wacherokee wa Marekani, na leo mtu wa Addis Ababa anatuma ujumbe wa simu kwa alama zake. Mwaka 2021 ziliongezwa silabi zilizokuwa zimesahaulika za Wanattilik, Wainuit wachache wa kaskazini ya mbali ya Kanada, kwa sababu wenyewe walidai lugha yao iandikike kamili. Sisi hatuombi silabi mpya hata moja. Tunaomba kialama ambacho kila mtoto wa Tanzania hufundishwa darasani, maana bila hicho hata ng'ombe haandikiki.

Kwa hiyo nawaambia wanaonunua mifumo kwa kodi zetu na ada zetu: siku ya kukabidhiwa, mwiteni bibi yeyote kutoka Buseresere. Akae kwenye kiti cha mbele, ataje jina lake na la baba yake, fundi aandike wote wakiona. Yakitokea maandishi mekundu, fundi arudi na kompyuta yake, na hundi ibaki mezani.