Skuta ya mtumba: bei iwe swali la mwisho

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, ingawa mtaona hatutaenda mbali nayo.

Natafuta skuta iliyotumika ya kunitoa Kasarani hadi kazini Westlands, kilomita kama 12, na kunirudisha. Kila rafiki ninayemweleza ananiuliza, "Ni pesa ngapi?" Mimi nasema hilo ndilo swali la mwisho. Yako matatu yanayolitangulia.

Swali la kwanza: unanunua nini hasa? Wengi husema wanaokoa nauli. Haya, tupige hesabu. Tuseme nauli ni shilingi 200 kwa siku, siku 22 za kazi. Hiyo ni 4,400 kwa mwezi. Skuta ya cc 125 iende kilomita 40 kwa lita, nami niendeshe kilomita 528 kwa mwezi: lita 13 na kidogo. Tukiweka petroli shilingi 180 kwa lita, ni 2,376. Ongeza 1,000 za bima na fundi. Kinachobaki ni shilingi 1,024. Kwa skuta ya shilingi 70,000 nitangoje miezi 68 pesa zangu zirudi! Hata nikija kuiuza kwa nusu bei, ni karibu miaka mitatu. Na bado sijanunua helmeti wala koti la mvua.

Kwa hivyo skuta hainiokolei pesa. Inaniokolea muda: saa moja hivi kila siku ambayo sasa naipoteza kwenye foleni ya Thika Road. Kwangu saa 22 kwa mwezi zina thamani, maana kazi za pembeni nazifanya jioni. Lakini kama wewe muda huo utaumalizia mbele ya televisheni, panda matatu yako kwa amani.

Swali la pili: mashine yenyewe inasema nini? Mita ya kilomita ni data tu, na data huhaririwa. Sisi tunaoandika programu hatuamini namba ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha bila kuacha alama. Tafuta ushahidi mwingine. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mita ikidai kilomita 6,000 na tairi za kwanza zimeshabadilishwa, uliza kwa nini.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini baridi haifichi mambo. Kwa injini ya mipigo minne, moshi wa buluu ni oili inayoungua, na mweusi ni petroli iliyozidi. (Ya mipigo miwili huunguza oili kwa maumbile yake, usiihukumu kwa hilo.) Kisha iendeshe. Skuta nyingi hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Nguvu hupita kwenye mkanda unaozunguka kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Ukiongeza mafuta injini ikanguruma na mwendo usipande, shuku mkanda huo. Na kabla hujalipa, pita Kirinyaga Road uulize kama upo na unauzwa ngapi. Vipuri vya Boxer na TVS utavipata hata dukani kijijini. Vya skuta sivyo.

Swali la tatu, na hapa ndipo watu hulia: ni ya nani? Sheria yetu ya Trafiki, sura ya 403, inamhesabu kuwa mwenye chombo yule ambaye jina lake limesajiliwa, mpaka ithibitishwe vingine. Pikipiki nyingi hapa nchini hununuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji hukaa kwenye logibuku hadi deni liishe. Ukimlipa aliyeishika funguo na deni lingalipo, mkopeshaji ataifuata skuta, si yule aliyekula pesa zako. Dawa ipo na ni rahisi: fanya utafutaji wa namba ya usajili kupitia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, kisha ulinganishe jina na kitambulisho cha muuzaji. Linganisha pia namba ya chesi na ya injini kwa macho yako.

Wiki iliyopita nilipata moja nzuri: shilingi 70,000, injini tulivu, tairi zinalingana na mita. Jina kwenye rekodi halikuwa la muuzaji. Akaniambia, "Ni ya binamu yangu, ndugu, hiyo tutabadilisha baadaye. Na kuna mtu anakuja saa kumi." Nikamjibu kwamba binamu akianzisha uhamisho kwa akaunti yake, nitalipa siku hiyohiyo. Hajanipigia simu tena.

Wenzangu ofisini wanasema nimekosa bahati. Mimi naona shilingi 70,000 zangu bado ziko benki, na hiyo ni akiba ya mwaka mzima. Skuta mbovu inatengenezeka. Fundi ataifungua, atabadilisha mkanda, mtaelewana bei. Umiliki mbovu hauna fundi.

Basi msimamo wangu ni huu: skuta ya mtumba inafaa kununuliwa ikiwa unahitaji muda, vipuri vyake vipo, na mwenye jina ndiye anayekuuzia. Yakitimia yote matatu, sasa keti mpatane bei. Likikosekana la tatu, usiichukue hata kwa nusu bei.