Wenzetu wachangia vitabu, vigogo wetu wachangia fulana

HIVI mchwa wana kadi ya chama gani? Nauliza kwa sababu huko pwani wanatafuna maandishi ya babu zetu ndani ya masanduku, na hakuna kigogo anayeshtuka.

Sikilizeni, vijana wenzangu. Mwaka 2021 kule Uingereza zilipelekwa mnadani hati na vitabu adimu zaidi ya 500 vilivyofichwa karibu miaka 100. Humo mlikuwa na mwandiko wa mkono wa Robert Burns, Walter Scott na akina dada Brontë. Matajiri wa dunia wakaanza kumeza mate. Chama cha hisani, Friends of the National Libraries, kilichoanzishwa mwaka 1931, kikaomba mnada usimame, kikapitisha bakuli. Zikapatikana pauni zaidi ya milioni 15! Nusu aliitoa tajiri mmoja, Leonard Blavatnik. Mali ikagawiwa maktaba na makumbusho. Leo hata mtoto wa mlalahoi wa kule ana haki nayo.

Kwetu je? Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu ziko Goa, India. Mswada wa Utendi wa Tambuka uko Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani. Mtoto wa Kilwa akitaka kuona mwandiko wa babu zake, akapange foleni ya viza!

Hizo zimekwenda. Zilizobaki je? Msiniambie haiwezekani. Hati za Kiarabu zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa Zanzibar ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Kumbe tukiamua tunaweza.

Wala msiniambie nchi maskini. Uchaguzi ukikaribia, fulana na khanga hugawiwa kama njugu. Harusi ya mtoto wa mkubwa huchangiwa mamilioni jioni moja. Mimi shuleni kwetu maktaba ilikuwa kabati moja, na ufunguo alikuwa nao mwalimu wa zamu.

Tunataka mfuko wa umma, si mfuko wa kula. Hesabu zibandikwe ukutani. Familia zenye hati zilipwe haki yao na kuachiwa nakala. Hati ziwekwe mahali ambapo kijana wa kijiweni anaingia bila kuulizwa yeye mtoto wa nani.

Fulana ya kampeni ikifuliwa mara tatu imekwisha. Barua ya 1711 bado inasomeka. Wakubwa, chagueni mtakumbukwa kwa lipi.